Meza Imekwenda Kuwa Mlango

Mama Zamzam,

Usishangae kukuta karatasi juu ya kreti la soda. Meza nimeichukua. Mama yako amelala, chai yake iko kwenye chupa.

Asubuhi alipokuwa bafuni alikohoa mpaka nikatoka mbio kumnunulia dawa ya kifua. Nilipompa, akasema, "Mkwe wangu, mimi siumwi. Nakohoa mtu asije akaingia. Pazia lenu halina komeo." Wewe ukacheka mpaka ukamwaga chai juu ya mlango wenyewe wa bafu, niliouleta tangu mwezi wa kwanza, ukagoma kuingia kwenye fremu, nikaulaza juu ya kreti ukawa meza yetu.

Mwaka unaisha, nami nakaribia sitini, na kila nilichoanza kimelala nusu. Hiki nakimaliza. Nimeupeleka Ilala kwa fundi Seifu aupunguze, kisha aje aufunge.

~~Nitarudi saa kumi.~~ Nitarudi na mlango.

Tandika mkeka, leo tunakula chini. Na mwambie mama jioni akioga akipumzishe kifua chake.

Meza nitanunua mwezi wa kwanza. Usicheke.

Baba Zamzam