Goti Jipya la Mama

Baleni,
Mafia.
9 Septemba, 2025

Mpendwa Kaka Luqmani,

Shikamoo. Joto la huko Maskati limewaachieni? Wifi Munira amepona kifua? Sisi wazima, alhamdulillahi, na mihogo mwaka huu imekubali.

Habari za Mama hazienei kwenye simu, ndiyo maana nimeshika kalamu. Ulimwacha akichechemea, kufikia mwaka jana hata uani alikwenda kwa kushika ukuta. Daktari wa Dar es Salaam alituonyesha picha: lile gegedu laini linalokaa kati ya mifupa ya goti limelika lote, mfupa unasaga mfupa. Miaka arobaini ya kuchutama akipalilia na kubeba nazi kichwani! Akasema kuchua hakutasaidia tena. Dawa ni kuwekewa goti la bandia, la chuma na plastiki.

Ami Mkadam, ndiye mkubwa wetu tangu Baba afariki, alikataa katakata. "Mtu wa miaka sitini na saba akatwe mfupa? Uzee hautibiwi."

Mama akamjibu taratibu, "Shemeji, lililozeeka ni goti. Mimi bado."

Akaenda. Nilikuwa naye hospitali kule Dar. Kesho yake baada ya upasuaji wakamsimamisha. Jasho likamchuruzika, akauma upindo wa kanga, akapiga hatua nne. Muuguzi alipotaka kumrudisha kitandani, akaomba ya tano.

Mazoezi ya nyumbani ndiyo yaliyokuwa mateso. Kukunja, kunyoosha, machozi yanamdondoka, wala hakuacha hata siku moja. Kaka, sijapata kuona moyo kama ule.

Kusujudu chini bado hawezi. Anaswali kwenye kiti. Hilo lilimliza siku mbili. Kisha akafuta machozi, akaniambia Mola anajua alivyohangaika mpaka kukifikia kiti hicho.

Jumamosi alikwenda kwa Ami kwa miguu, bila mkongojo, mimi nyuma yake. Tulimkuta Ami barazani, goti lake mwenyewe limevimba. Alimtazama mpaka Mama akakaa. Halafu akauliza kwa sauti ya chini, "Huyo daktari, anaumiza sana?"

"Sana," Mama akasema. "Nitakusindikiza."

Wanaondoka Jumatatu. Tuombeeni.

Nisalimie Wifi, na Feisal na Nasma uwabusu. Mama anakupa radhi zake zote. Mungu awafunike kwa rehema yake.

Wako akupendaye,
mdogo wako,
Zuena