Chatu Karibu na Jiko

Ruiru, Jumanne jioni, Julai 1956

Basi kosa lilikuwa langu. Kwa wiki tatu nimemwosha chatu wangu mgonjwa kinywa kwa maji ya chumvi, kisha nikamlaza sandukuni chini ya dirisha apate hewa safi. Baridi ya Julai sikuifikiria hata mara moja. Leo asubuhi alihema kwa shida, nami nikaenda Thika kununua dawa nikiamini nitarudi kumzika.

Niliporudi nilikuta mama amelisogeza sanduku la chatu karibu na jiko. Mama, ambaye kila Jumapili huniombea niachane na nyoka!

"Tangu zamani nyoka akiingia nyumbani ni mgeni," alisema bila kunitazama. "Mgeni halazwi kwenye baridi, mwalimu mzima wewe."

Alikuwa amemwekea hata maziwa. Chatu hakuyagusa, kama nilivyotarajia. Lakini aliinua kichwa, akatoa ulimi, akanywa kwa muda mrefu maji niliyomwekea. Pumzi imetulia. Bado nina hofu na mapafu yake, na kuhusu chakula, bado hajala...

Nilipofungua daftari hili mama alicheka. "Usije ukaandika ati ni dawa yako iliyomsaidia!"

Chupa ya dawa haijafunguliwa. Nimeandika: moto wa mama.