Soksi za Alhamisi

Mpendwa mama,

Simu ingali pale pale, juu ya meza ndogo ya sebuleni hapa Tudor, na kitambaa ulichokifuma bado kimeifunika. Kila Alhamisi baada ya alasiri siwezi kukaa chumba kimoja nayo. Naenda jikoni, najitia kuosha vyombo vilivyo safi, na bado nakusikia ukikohoa kusafisha sauti.

Unakumbuka daktari wetu alipohamishia kliniki yake ng'ambo ya daraja, Nyali? Magoti yako hayakutaka tena safari. Yeye, aliyenitibu surua nikiwa mtoto, akasema basi utakuwa ukimpigia simu kila Alhamisi: wewe utaeleza, mimi nitatazama. "Wewe ndiwe macho yangu," aliniambia. Nilijiona mtu mkubwa.

Na ulivyojiandaa kwa simu hiyo! Ulikoga, ukavaa buibui na soksi zako nyeusi za kutokea, ukajifukiza udi kidogo. Nilicheka mpaka nikashika ukuta.

"Mama, hakuoni."

"Yeye hanioni. Mimi je, sijioni? Niseme na mwanamume kitwa wazi?"

Kisha zikaja salamu. Ulimuuliza mkewe, watoto, mkwewe wa Malindi, hata paa la nyumba yake. Alipokuuliza wewe, ulimwambia hujambo, washukuru Mungu. Ugonjwa ulitoka mwisho kabisa, tena nusu nusu, kana kwamba unamwombea jirani. Daktari alikujua, ndiyo maana kila mara alimalizia na mimi.

Alhamisi ile nilirudi kutoka kazini nimechoka, maharagwe yako motoni. Kutoka chumbani kwako hadi kwenye kiti cha simu ulisimama mara mbili kuvuta pumzi. Niliona. Nikajiambia ni joto. Ulipomaliza salamu zako ukanipa mkono wa simu.

"Mvue soksi," daktari alisema. "Mbonyeze kwa kidole gumba juu ya kifundo, uhesabu mpaka tano. Kikiacha shimo niambie, nije mwenyewe leo hii."

Nilikutazama. Uliikunja miguu chini ya kiti, ukatikisa kichwa.

"Mwambiye hakuna kitu. Soksi nishazivaa."

Maharagwe yalianza kunuka moto. Nikasema, kwa sauti ya mtu aliyekwisha kubonyeza, "Hakuna shimo, daktari." Ukatabasamu, ukanipigapiga mkono.

Jumapili asubuhi hukuamka.

Tulikuosha mimi na shangazi. Nilikushika mguu wa kulia ili amimine maji, sikukusudia lolote. Kidole gumba changu kikazama juu ya kifundo. Nilipokiondoa, shimo lilibaki. Nililitazama, nikalihesabia mpaka tano, mpaka kumi, na halikujaa. Shangazi aliendelea kumimina.

Daktari alikuja kutupa mkono wa pole, macho mekundu. Mbele ya wajomba akasema nisijilaumu, nilikuangalia vizuri, miguu haikuwa na dalili, moyo ulisimama ghafla. Wote wakaitikia, wakaniombea kheri kwa jinsi nilivyokutunza. Nikasema ahsante, daktari. Mama, nilisema ahsante.

Sasa ni mwaka wa pili. Watu wakikutaja husema "ghafla". Nikivua soksi zangu najibonyeza, nahesabu. Kidole hiki kimoja sikipendi tena, nakiona kila nishikapo kalamu. Siku nyingine nakukasirikia, niseme kweli: kwa nini uliikunja ile miguu mbele ya mwanao? Hasira haidumu. Aliyeulizwa nilikuwa mimi, nawe ulikuwa umekaa hatua moja tu kutoka mkononi mwangu.

Kesho ni Alhamisi. Nitakoga, nitavaa buibui lako na soksi zako, nitakaa kwenye kiti chako, nimpigie daktari. Ataniuliza watoto, ataniuliza kazi, nami nitamjibu yote kwa adabu uliyonifunza. Kisha nitamwambia sikubonyeza.

Kabla sijaondoa kile kitambaa, niwie radhi, mama. Lala salama.

Mimi mwanao,
niliyepewa kazi ya kutazama