Kompyuta Isiwashwe Mpaka Nirudi na Fundi

Mkwe wangu,

Nimetoka kumfuata fundi. Kompyuta isiwashwe, hata mume wako akiomba dakika moja tu. Chai yako nimeifunika.

Asubuhi kompyuta ilipoanza kugonga tak, tak, mimi nilisema ni feni, nikataka kuizaba kofi kama kawaida yangu. Wewe ukabandika sikio kwenye mpini wa mwiko, upande wa pili ukaugusisha kwenye kasha la kompyuta, ukasema, "Baba, feni huvuma. Hii inagonga, ni diski." Ukachomoa waya. Nikakufokea kwamba umeolewa juzi na tayari unaniamrisha.

Fundi kaniambia kwenye simu kuwa ningeendelea kuiwasha, diski ingejikwaruza na vyote vilivyomo vingepotea. Walioiharibu ni wale wakubwa wa umeme, wanakata na kurudisha wapendavyo, wao hawaunguliwi na kitu.

~~Usiguse tena vitu vyangu.~~ Gusa chochote, mwanangu.

Humo ndani mna sauti ya marehemu mama mkwe wako akinisema kwa uvivu wangu, na sina nakala nyingine. Asante kwa kunishika mkono. Fundi anasema matumaini yapo. Ikipatikana, utaisikiliza wewe kwanza. Katika nyumba hii ni wewe tu ambaye hukuwahi kumsikia.

Baba mkwe wako