Mkebe wa Baba

Nakuru, 9 Agosti 1957

Kwa Dada Truphosa,

Sisi ni wazima, na mahindi nyuma ya nyumba yameanza kubeba.

Baba alikuja Jumamosi kutoka Kabazi, akikohoa kile kikohozi chake cha vumbi la maua ya pareto tulichokizoea tangu utotoni. Lakini gazeti lilikuwa limeandika kwamba homa hii mpya ya mafua inamaliza watu, nami nikaogopa. Nikamkalisha nje, nikampa chai kwenye mkebe, vile memsabu ninayemfanyia kazi kule Milimani hunipa mimi nisiguse vikombe vyake.

Baba alikunywa polepole, akasema chai ni tamu. Akauosha mkebe mwenyewe. Alipoaga, aliweka mikono yake nyuma ili nisihangaike.

Akifika kwako, Dada, mpe mkono kabla hajaketi.

Mdogo wako,
Nekoye