Fui, Ulishuka Kwenye Lori Kasindi

Fui wangu,

Hapa Butembo, Congo, dada wa baba huitwa shangazi, na watoto wa siku hizi wanasema tante. Wewe ulinifundisha kukuita Fui, kama walivyosema watu wako, Wahindi, kwa Kikutchi, na tangu ufe sijamwita mtu mwingine jina hilo. Ninakuandikia kwa Kiswahili kwa sababu lugha yako sina tena. Nimebaki na maneno ya jikoni tu: chumvi, maji, geuza chapati, ondoa mkono.

Mama yangu, Mnande wa hapa hapa, alikufa nikiwa bado nabebwa mgongoni. Baba alituma habari Kampala, kwa dada yake aliyekuwa mjane, naye akaja. Ndiye wewe. Ulifika na sanduku moja, ukakuta ukungu na baridi ya milima yetu, ukavaa sweta ya baba juu ya sari, na hivyo ndivyo ninavyokuona mpaka leo. Ulipika khichri, ule wali wenu wa kuchanganywa na dengu, kwa maharage ya Butembo kwa sababu dengu zilikuwa shida kupata. Ulijifunza Kinande sokoni, ukikosea, na akina mama wakikucheka, nawe ukicheka nao.

Muda mfupi baada ya uhuru, baba naye alishikwa na homa, akafa. Ukabaki na duka la vitambaa na mimi, mtoto mweusi mwenye nywele ndefu ambazo ulizipaka mafuta ya nazi kila asubuhi. Shuleni harufu ile ilinitangulia. Walinizunguka wakiimba, "Muhindi ya kuungua! Muhindi ya kuungua, rudi kwenu!" Nilikuja kukuuliza kwetu ni wapi. Ulikuwa unapima kitambaa kwa mkono, kutoka kidoleni hadi begani. Ulimaliza kupima kwanza, kisha ukasema, "Kwako ni pale nitakapokuwa." Nilikuwa mdogo, jibu lile lilinitosha.

Ndipo waasi waliopigana na serikali walipokaribia. Redio ilisema hivi, watu wakasema vile, na ukutani kwa jirani mtu aliandika kwa mkaa kwamba Bahindi wanakula inchi, yaani nchi yetu. Tajiri mmoja wa Kihindi, rafiki wa baba, alikuwa na lori. Akakusanya jamaa za Wahindi waliobaki ili avuke nao Kasindi kuingia Uganda. Nakumbuka alivyoniangalia uliponipandisha. Mkewe alivuta nguo zake ili nisizikalie.

Kasindi tulikuta bariyeri, kizuizi cha waasi barabarani. Vijana wenye majani kichwani walizunguka lori kutukagua. Mmoja wao, aliyevaa kofia ya polisi, akatuhesabu kwa kidole, akafika kwangu, akasimama.

"Na huyu?"

"Mutoto yangu," ulisema.

"Uongo! Angalia ngozi yake, angalia na yako. Mulikula inchi, sasa munaiba mpaka batoto yetu?"

"Mama yake alikufa. Miye ndiye mama yake."

"Muhindi hana mutoto mweusi. Mutoto, shuka! Weye ni wa Congo, utabakia Congo. Bahindi, mupite. Lori iende."

Tajiri yule alikuinamia, akasema kwa Kikutchi, na wakati ule nilikuwa bado nasikia kila neno: "Mwache, Shirinbai. Ana ndugu za mama yake. Tena huko Kampala, nani atampokea chotara?"

Pande zote mbili zilikuwa zimekwisha kukubaliana juu yangu. Yule wa chini alisema mimi si wenu. Yule wa juu alisema vilevile. Nilishika ncha ya sari yako, nikaiuma kwa meno ili nisilie.

Ukasimama. Ulishuka kinyumenyume, ukishikilia ubavu wa lori, kiatu kimoja kikaanguka. Kisha ukanyoosha mikono ukanipokea.

"Basi na miye ninabakia Congo," ulimwambia kijana yule.

"Weye? Kufanya nini?"

"Kumupikia."

Wenzake waliangua kicheko. "Kumbe huyu mama iko na wazimu!" Lakini yeye hakucheka. Alituangalia, akatazama pembeni, akapiga bodi ya lori kwa mkono. Likaondoka na sanduku lako.

Aliyetutoa pale ni Baba Ramazani, Mwislamu wa Beni aliyekuwa akipakia samaki wa ziwa kwenye gari lake. Alimjua baba. Hakuuliza chochote, alisogeza vikapu tu. Tuliingia Beni tukinuka samaki, akatupeleka kwa mama yake, mtaa wa Bungulu. Bibi yule alikuangalia usoni akasema, "Toa hii kipini, mama. Itakuua." Ukakitoa puani mbele yangu. Ulivaa kitenge chake, ukafunga kichwa, ukakaa nyuma ya nyumba ukitwanga sombe, majani ya muhogo, kama mke wa mtu yeyote. Waasi walipopita kuuliza kama kuna mgeni, bibi alijibu kwa sauti ya hasira, "Kuko wakwe zangu! Munataka kuwaona bakwe za mutu na bunduki?" Wakaenda. Usiku ule hukula.

Tuliporudi Butembo, vita vilipotulia, duka halikuwa na mlango. Rafu zilikuwa zimepasuliwa kuni. Jirani yetu alipita amevaa pazia letu, lile la maua ya bluu, amelifunga kama kitenge. Ulimwamkia, "Wabukire." Akaitikia akitazama chini. Nilikuvuta mkono: kwa nini humnyang'anyi? Ukasema, "Anasikia baridi."

Kwa miaka mingi niliwasimulia watoto wangu neno hilo kama mfano wa upole, bila kutaja ni la nani. Leo nakuambia nilichokiona siku ile: ulinisukuma nyuma yako mpaka akapita. Ulikuwa mpole, ndiyo, lakini pia uliogopa. Tangu siku ile hukuvaa tena kipini, na tundu likaziba polepole. Hukunisemesha tena Kikutchi, hata ndani, mlango ukiwa umefungwa. "Hii luga itakuletea mateso," ulisema. Watu wakakuita Mama Masika, kwa jina langu, na jina lako likapotea masikioni mwa mji. Ulipokaribia kufa uliniomba kitu kimoja: "Musiandike jina yangu kwenye kaburi. Bataliharibu." Nikakutii. Umelala katika makaburi ya Waislamu wenzako chini ya jiwe tupu.

Sasa nikueleze kilichonifanya nishike kalamu. Mwalimu wa mjukuu wangu, Mkasai aliyeletwa huku na serikali, alitualika wazee wachache tuwaeleze wanafunzi habari za uhuru na vita vilivyofuata. Mzee mmoja, jirani ninayemheshimu, ndiye aliyetangulia. Alieleza vizuri mpaka akafika kwa Wahindi. "Bale balikula inchi," alisema, "na moto ulipowaka, bakakimbia na mali. Hata mumoja hakubakia." Akaigiza wanavyosema, akitikisa kichwa. Watoto wakacheka. Mjukuu wangu naye alicheka, Fui. Ana pua yako.

Nikasimama kabla sijaitwa. Nikasema, "Mumoja alibakia." Nikawasimulia yote, lori, bariyeri, sombe ya Bungulu. Sikuacha neno la yule kijana, wala la yule tajiri. Nilipofika kwenye kiatu, niliketi. Mjukuu wangu hakuwa anacheka tena. Aliuliza mbele ya wote, "Koko, basi na miye niko Muhindi?"

"Ndiyo," nilisema. "Na Munande. Vyote viwili, hakuna cha kupunguza."

Mzee yule alinifuata njiani tukirudi. "Masika, sikumufikiria yule mama yako," alisema. "Lakini balikula inchi, hapana?"

"Bengine balikula. Huyu alinilisha."

Alitikisa kichwa, akaniaga. Sidhani kama nilimgeuza mawazo. Siku ya pili nilikuta watoto wa mtaa wakimwimbia mjukuu wangu wimbo ule ule wa zamani, maneno yamebadilika kidogo tu. Aliingia ndani, akaketi jikoni, akaniomba nimfundishe kusema maji kwa lugha yako. Nikamfundisha. Kisha chumvi. Tukafika mwisho wa ninachokijua upesi mno.

Juma hili nimekwenda kwa fundi wa mawe. Nimevunja neno lako, unisamehe. Aliniuliza aandike nini, nikamtajia jina lako lote, Shirinbai, pamoja na jina la baba yako. Aliinua patasi, akanitazama.

"Mama, jina ya Kihindi? Hauogope bataliharibu?"

"Ninaogopa," nilimwambia. "Andika."

Lala, Fui. Nikisikia jiwe limevunjwa, nitarudi kwa fundi.

Mimi, mtoto wa kaka yako, mtoto wako,
Masika