Landrova Imenyamaza, Mama Zena

Mpendwa Mama Zena,

Nakuandikia nikiwa hapa stesheni Kilosa. Barua hii sikuifunga kwa gundi. Nampa mtu wa treni hivihivi, aisome akitaka na wenzake kwenye behewa waisome, maana habari zetu mji mzima wanazo, na wengine wanazo kuliko mimi. Angalau safari hii wazipate kwa mwenyewe.

Unanijua. Niliishia darasa la tano, lakini nimelala Lusaka, nimekula Lubumbashi, nimeendesha lori mpaka askari wa Tunduma wakawa wananisalimia kwa jina. Basi siku nilipoileta Landrova nyumbani nilijiona nimewamaliza wote. Ruksa ya biashara ndiyo imeingia, kila mtu amekuwa tajiri mtarajiwa, shamba la mkonge linauza magari yake chakavu, na mimi natoka huko na langu. Ukatoka jikoni na unga mikononi. Ukalizunguka, ukafungua mlango, ukachungulia ndani.

"Baba Zena, mbona naona kuku?"

Kweli, kuku alikuwa uvunguni mwa gari, na wewe ulikuwa unamwona kupitia sakafuni.

"Hiyo ni hewa ya bure, mke wangu. Wazungu wanailipia."

Ulicheka mpaka ukakaa chini. Kicheko kile bado ninacho.

Miaka yote tuliyopiga njia ya Kilosa na Mikumi ulikaa mbele na mimi, magunia yako ya vitunguu nyuma na abiria juu yake. Vumbi linakupanda mpaka magotini. Joto la injini linakuchoma nyayo, unakunja miguu kitini kama mtoto. Na kelele! Injini inanguruma, milango inagonga, mti wa gia unatetemeka kama una homa. Ukiwa na neno unanivuta sikio na kupiga ukelele, mimi naitikia "Sawa!" na kuendelea kuwasimulia abiria habari za Lusaka. Tukifika unajifunga khanga kichwani kama mgonjwa wa jino.

Na siku ile tembo walipotuzibia njia karibu na Mikumi, nikazima injini. Ukanishika mkono, ukasema, "Usiongee." Nilijitahidi, Mungu ni shahidi. Tembo wa mwisho hajamaliza kuvuka, nimeshaanza kuwaeleza watu kwamba wa Kongo ni wakubwa zaidi.

Ulipokwenda Kidete kumzika baba yako, nilijua arobaini ikiisha utarudi. Ikaisha. Nikatuma mtu, ukamwambia, "Mwambie nimechoka." Nikakaa nikawaza, amechoka na nini? Nikaitazama Landrova, nikasema mchawi nimempata.

Nikaipeleka kwa fundi bodi Mikumi. Akaingia uvunguni, akatoka anacheka. "Bosi, sakafu yako siyo mbovu. Haipo."

Tukang'oa viti na yale matambara yaliyooza. Tukakwangua kutu, tukakata palipoliwa, tukachomelea bati zito, tukapaka rangi ya kuzuia kutu. Kwa ujuaji wangu nikajaza makapi ya mkonge juu yake, eti yameze sauti. Yakameza mvua. Gari likanuka kama beberu aliyenyeshewa, tukayatoa yote tukaanza upya. Safari hii tukapaka lami kwanza, juu yake mpira wa mkanda wa mashine ya mkonge, tena mzito, mpaka kwenye ukuta wa injini. Milango tukaivalisha raba mpya. Tundu la gia tukalifunika kwa tyubu ya tairi. Mwisho nikatandika zulia jekundu la Kariakoo. Fundi akawasha, akafunga mlango, akanitazama. "Bosi, humu unaweza kumlaza mtoto."

Nikaja Kidete siku iliyofuata. Nikamwamkia mama.

"Marahaba, mkwe. Hili ndilo lile lililokuwa linatutimulia mbuzi?"

"Ndilo, mama."

"Mbona halikusikika? Tumeshtukia tu uko mlangoni, kama jini."

Na wewe ukakubali kupanda, uende mara moja sokoni Kilosa. Ulivua ndala kabla ya kukanyaga zulia. Nilipoona zile ndala umezishika mkononi, nikasema moyoni, nimeshinda.

Njiani nikakuambia, "Sasa sema. Sema lolote. Tena nong'ona!"

Ukautazama mto Mkondoa dirishani. Kisha ukasema, polepole, "Baba Zena, naomba talaka yangu."

Nikacheka. Nikakuuliza, "Gari hujalipenda?"

"Gari zuri sana. Umehangaika, nimeona. Lakini mimi nilikuwa nasema na wewe hata gari likiwa limezimwa."

Kila neno lilifika, Mama Zena. Zamani ningeweza kujidai sikusikia. Tukateremka hivyo mpaka Kilosa, na kitu pekee kilichosikika humo ndani ni pumzi zako. Nikakushusha sokoni. Ukavaa ndala, ukaniambia nisisahau kula.

Abiria wanalisifu. Bibi mmoja wa Dumila alisinzia mpaka akapitilizwa kituo chake, akashuka ananibariki. Nacheka nao. Wakishashuka wote napandisha vioo, nabaki nimekaa. Lusaka yote imeniishia. Juzi nimechukua bisibisi nikalegeza raba ya mlango wa upande wako, ili njiani kuwe na kitu cha kunigongea. Haukugonga. Fundi yule aliifanya kazi yake vizuri mno. Chakula nakula kidogo. Nyumbani silali, na kwenye gari silali.

Shehe nimekwisha kumwona. Ijumaa baada ya swala nitaitamka talaka mbele yake na mbele ya kaka yako, na khati yake utaipata kwa mkono wake. Mahitaji ya Zena yako juu yangu, hilo wala usilifikirie. Watu watakaokuwepo watangoja nitie mzaha, maana ndivyo wanavyonijua. Sitatia. Umeniomba mara moja, kwa sauti ya chini, nami nimesikia.

Kaa salama na mama.

Baba yake Zena